Shangazi, niende Wete au nikasome Kiingereza?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 19, nakaa Seeb, Muscat, na wazazi wangu na bibi mzaa baba. Niko mwaka wa msingi chuoni, ule ambao hapa Oman unausoma kabla hujaanza masomo yenyewe: Kiingereza, hesabu, kompyuta na mbinu za kusoma. Hesabu na kompyuta sina tabu nazo. Kiingereza ndicho kinachonitoa jasho.

Nyumbani tunazungumza Kiswahili, nje Kiarabu. Bibi alizaliwa Wete, Pemba. Aliondoka akiwa kigori baada ya Mapinduzi ya 1964, akapitia Mombasa, akaolewa huko, wakafika Muscat na babu miaka ya sabini. Hajarudi Pemba hata mara moja na hakuna anayemuuliza kwa nini.

Mwezi wa pili kilikuja kikundi cha taarab kutoka Unguja, kikapiga ukumbini usiku wa Alhamisi. Nilimpeleka bibi kwa sababu kila mtu nyumbani alikuwa na udhuru. Nilidhani nitakaa na simu yangu mpaka iishe. Ilipoanza ganuni peke yake, kabla fidla hazijaingia, bibi akanikamata mkono, hakuuachia. Baadaye mwimbaji akauliza, nani humu katoka Pemba? Bibi, ambaye kutoka chumbani hadi sebuleni huomba bega la kushikilia, akainuka, akaenda mbele kwa miguu yake, akamtunza mwimbaji riali tano, kisha akasimama palepale akaimba naye mpaka ubeti ukaisha. Watu wakapiga vigelegele. Garini alikuwa anataja majina ya watu nisiowajua, mmoja baada ya mmoja, mpaka tukafika nyumbani.

Tangu usiku ule nataka kwenda Wete. Nalala na kuamka na jambo hilo.

Sasa mkasa wenyewe. Wiki chache baadaye nikafanya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza. Sehemu ya kuzungumza nikapewa kadi: eleza onyesho la muziki ambalo hulisahau. Kituo nilichokuwa nasomea masomo ya ziada kilitugawia majibu ya kukariri, na la muziki lilikuwa la bendi ya roki kwenye uwanja wa mpira London. Nikalitoa lote bila kukosea. Mtahini akaniuliza, ulikwenda na nani? Na ala gani ilikupendeza? Nikabaki kumtazama. Nimepata 4.5 katika kuzungumza, na chuo kinataka 5.

Nina akiba ya zawadi za Idd na vibarua vya kuchora hina. Baba anasema nikienda Malta kusoma Kiingereza mwezi mmoja likizo hii ya kiangazi ataniongezea kilichopungua. Nikienda Wete hatoi hata baisa. Anasema asili yetu ni Ibra, hapahapa Oman, makaburi ya wazee yako Ibra, Pemba tulipita tu. Tena anasema babu yangu alipata kazi serikalini mwaka 1972 kwa sababu ya Kiingereza, kwa hiyo nisichezee elimu kwa ajili ya nyimbo.

Bibi ana miaka 75. Likizo ni moja na fedha ni moja. Niende wapi? Na kama ni Wete, nimchukue bibi?

Mjukuu wa Bibi wa Wete

*

Marahaba, mwanangu.

Nenda Wete. Malta haihami. Lakini usikate tiketi wiki hii, kwa sababu kuna kazi ya miezi kadhaa kabla ya safari, na kazi hiyohiyo ndiyo itakayokupa ile nusu alama uliyoikosa.

Nimefundisha Kiingereza sekondari hapa Unguja kwa muda mrefu, kwa hiyo nivumilie nianze na mtihani. Kwenye kuzungumza kwa IELTS alama hutolewa kwa mambo manne yenye uzito sawa: unavyotiririka na kupanga maelezo, upana wa msamiati wako, sarufi, na matamshi. Hakuna alama ya ukumbi mkubwa. Hakuna alama ya London. Anayekutahini hajali kama ulikwenda kumsikiliza nyota wa dunia au mwalimu wako wa madrasa akisoma kasida. Na wamefundishwa kulitambua jibu la kukariri, maana linatoka kwa kasi moja, bila kusita, halafu swali dogo la pembeni likiulizwa mtu anakuwa bubu. Ndivyo ilivyokutokea. Waliokugawia karatasi ile walikuuzia kitu kibovu, na nadhani wanaendelea kuwauzia wenzako.

Fikiria ulichokuwa nacho kichwani siku ile. Kadi inakupa dakika moja ya kujiandaa, na karatasi na penseli, kisha unazungumza dakika moja hadi mbili. Ungeandika maneno manne tu: bibi, ganuni, riali tano, garini. Dakika mbili zingekwisha hujafika kwenye gari. Ulikwenda na nani? Na bibi yangu, kwa sababu wengine walikuwa na udhuru. Ala gani? Ile yenye nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, inayodonolewa kwa vidole. Jina lake kwa Kiingereza hulijui? Usilitafute. Mtu anayeweza kukieleza kitu asichokijua jina anapata alama palepale.

Halafu inakuja sehemu ya tatu, dakika nne au tano za maswali mapana: kwa nini watu huenda kwenye maonyesho siku hizi ambapo muziki uko kwenye simu, muziki wa zamani una faida gani kwa vijana, na kadhalika. Hapo wengi hubabaika kwa kukosa la kusema. Wewe una la kusema, ila inabidi ulijue vizuri zaidi. Taarab ya Unguja husimuliwa kuanzia kwa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ambaye alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza ganuni. Kikundi cha Ikhwan Safaa kiliundwa mwaka 1905 na kipo mpaka leo. Kwanza uliimbwa Kiarabu, muziki wa kumbini na wa wakubwa. Kisha akaja Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliyeanza maisha akifinyanga na kuuza vyungu, akauimba kwa Kiswahili wakauelewa hata wauza samaki. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Mtahini akikuuliza kwa nini muziki wa zamani una maana kwa watu wa leo, mpe Siti, kisha mpe bibi yako akiinuka kwenye kiti. Hilo halikaririki, kwa hiyo hakuna atakayelishuku.

Sasa kazi yenyewe. Kila siku baada ya alasiri, kaa na bibi, weka simu mezani, rekodi dakika kumi. Kumi tu, wazee huchoka, na akichoka leo kesho atakwambia kichwa kinamuuma. Usianze na 1964. Nakuomba sana. Muulize njia aliyokuwa akipita kwenda chuoni kusoma Kurani, na nani alikuwa mwalimu. Duka lililokuwa karibu lilikuwa la nani. Maji yalichotwa wapi. Idd walipika nini na nani alikuwa jirani mchoyo. Muulize majina, na zaidi ya majina, lakabu, kwa sababu Pemba unaweza kumtafuta mtu kwa jina la baba na babu usimpate, na ukitaja lakabu yake mtoto mdogo akakuonyesha mlango. Muulize mtaa: Utaani, Limbani, Bopwe, au wapi? Ya kuondoka kwao yatakuja yenyewe siku atakayotaka. Yasipokuja, yaache.

Usiku, mlango umefungwa, yasimulie yaleyale kwa Kiingereza kwa sauti, ukijirekodi. Usiandike kwanza. Ukiandika utasoma, na kusoma si kuzungumza. Kisha jisikilize na urekebishe jambo moja tu kwa siku. Hadithi za bibi zote ni za wakati uliopita, kwa hiyo vitenzi vya wakati uliopita, ambavyo najua vinakusumbua kwa sababu vinamsumbua kila mwanafunzi niliyewahi kumfundisha, utavitumia mpaka vizoee ulimi. Na kuna kosa letu sisi wa Kiswahili ambalo Mwingereza hulisikia upesi: sisi tunasema "yeye" kwa mwanamume na mwanamke, wao wanatenganisha. Utamsimulia bibi yako, na katikati ya safari ya Mombasa bibi atageuka mwanamume, aolewe, azae, arudi kuwa mwanamke. Hesabu mara ngapi linatokea. Wiki ya kwanza utacheka, ya tatu utakuwa unajikamata kabla halijatoka.

Neno la kukutia moyo, ambalo huenda hakuna aliyekwambia huko. Angalia wenzako darasani wanaojua Kiarabu peke yake wanavyohangaika na sauti za "p" na "v". Kiarabu hakina hizo. Wewe umezaliwa nazo: Pemba, papai, viazi, vuli. Kiswahili cha jikoni kwa bibi kinakusaidia Kiingereza chako na hujui. Unachotakiwa kukichunga ni mwisho wa maneno, usiongeze irabu pale ambapo Mwingereza anafunga mdomo.

Kuhusu Malta sina neno baya. Nimewaona waliokwenda shule za lugha ng'ambo wakarudi wamenawiri. Nimewaona pia, na hawa ni wengi zaidi, waliolala bweni moja na wenzao wa Ghuba, wakala pamoja, wakatembea pamoja, mwezi ukaisha Kiarabu chao kimezidi kuwa kizuri. Mwezi mmoja ni mfupi. Anayenufaika nao ni yule aliyefika tayari ana mazoea ya kufungua mdomo. Ukitaka, nenda mwaka mwingine.

Tumzungumze baba. Usimfanye adui, kwani kwenye Kiingereza ana haki kabisa. Sultani Qaboos aliposhika nchi Julai 1970, Oman nzima ilikuwa na shule tatu tu za mtindo wa kisasa. Fedha za mafuta zilikuwepo, kazi ilikuwepo, wasomi hawakuwepo. Waomani waliotawanyika nje wakaitwa warudi, na waliotoka Zanzibar walikuwa wamesoma, wanajua Kiingereza, wanajua kazi za ofisini. Wengine Kiarabu chao kilikuwa cha kuchechemea, na walichekwa kwa hilo, lakini wizara, benki na kampuni ya mafuta ziliwahitaji. Babu yako alikuwa mmoja wao. Baba amekua akiona mkate wa nyumba ile umetokana na lugha hiyo, kwa hiyo anapokusukuma anakutakia kilekile kilichomlea.

Lakini muulize kwa adabu, siku yuko na moyo mkunjufu, babu Kiingereza kile alikisoma wapi. Hakukisoma Muscat. Hakukisoma Ibra. Muulize kisha unyamaze, usimshinde kwa maneno mbele ya watu.

Na ubishi wa Ibra na Wete usiuingie. Familia kama yenu zilitoka Sharqiyah, sehemu za mashariki ya Oman, Ibra ikiwemo, zikavuka bahari vizazi vingi nyuma. Anachosema baba ni kweli. Bibi kuzaliwa Wete nako ni kweli. Nasikia nyumba nyingi huko kwenu watu wanavutana wachague moja, kama kwamba kuna karani mlangoni anayetaka kujaza fomu. Mimi ningefanya hivi: Ijumaa moja mwambie baba akupeleke Ibra, mnakwenda na kurudi siku moja, akuonyeshe hayo makaburi na mashamba ya mitende na falaji, ile mifereji yao ya maji. Mrekodi na yeye. Baba ambaye mtoto wake amemuuliza habari za Ibra kwa masikio yote mawili huwa laini akisikia neno Wete wiki ya pili yake.

Kisha mwekee ahadi ya kupimika. Mwambie: nitarudia mtihani kabla ya likizo. Nikipata 5, akiba yangu ni yangu na naenda Pemba kwa idhini yako, pamoja na kaka au ami. Nisipopata, likizo yote nasoma, Pemba nasubiri. Hatoi fedha? Asitoe. Idhini ndiyo unayoitaka kwake. Fedha ya hina inatosha ukienda kwa wiki mbili na ukalala nyumba za wageni za kawaida.

Sasa Wete. Likizo yenu ikiangukia Julai na Agosti mmepata wakati mzuri: masika yamekwisha, ni kipupwe, na mavuno ya karafuu huwa yanaanza au yameshaanza. Utazikuta zimeanikwa kwenye mikeka na majamvi, na harufu itakupokea barabarani. Kutoka Muscat unafika Unguja kwa ndege. Kwenda Pemba kuna boti, ambazo nyingi hutia nanga Mkoani, kusini kabisa, ukapanda daladala mpaka Chake Chake na nyingine mpaka Wete, kaskazini. Au unaruka kwa ndege ndogo hadi Chake Chake. Viza ishughulikie mapema, na kuna bima ya lazima kwa wageni iliyoanza Oktoba 2024, dola 44 kwa mtu. Ilipe mtandaoni kabla hujaondoka usije ukaganda uwanjani.

Ukifika mtaani, anza kwa sheha, kiongozi wa mtaa. Msalimie, mweleze wewe ni nani na umekuja kufanya nini. Yeye ndiye atakayekupeleka kwa wazee, na ukipelekwa na sheha hakuna atakayejiuliza unapiga picha za nini.

Jambo moja nataka ulishike kuliko yote. Baada ya 1964 nyumba na mashamba mengi yalichukuliwa na serikali, mashamba yakagaiwa kwa wakulima eka tatu tatu. Aliyemo leo kwenye nyumba ya bibi yako, kama bado imesimama, huenda kazaliwa humo na kazikia wazazi wake humo. Hajakuibia. Ukifika na maneno "hii nyumba yetu," hata kwa kutania, mlango utafungwa na mtaa mzima utakukunjia uso, na hawatakuwa wamekosea. Sema: bibi yangu alikulia hapa, amenituma niwasalimie. Ukiambiwa karibu ndani, ingia, kaa, kunywa chai. Usipime kuta kwa macho. Usiulize hati. Kama kuna mtu katika ukoo mwenye nia ya kudai mali, asikutume wewe, na asikupe karatasi za kubeba.

Watakuuliza, wewe wa nani? Hapo ndipo rekodi zako zitakapofanya kazi. Toa majina, toa lakabu, taja mwalimu wa chuo, taja yule jirani mchoyo kwa heshima. Na ukimpata mzee anayemkumbuka bibi, muombe ruhusa, umrekodi, kisha umpigie bibi kwa video wakati uleule. Usingoje mpaka jioni. Wazee hawa hawana jioni nyingi, na mtandao wa Wete hauna uhakika.

Kiswahili chako usikionee haya. Watacheka unavyochanganya Kiarabu, watakurekebisha, na ndani ya siku tatu utakuwa unasema kama wao.

Umeniuliza umchukue bibi au la. Hilo usiniulize mimi wala baba yako. Muulize yeye, mkiwa wawili, siku asiyokuwa na maumivu. Wapo wazee wanaotaka kuiona Wete kabla hawajafumba macho, na wapo wanaotaka ibaki kama walivyoiacha, bila nyumba za ghorofa na bodaboda. Akisema haendi, usimbembeleze. Mwambie akutajie watu wa kupelekewa salamu na anunue mwenyewe zawadi za kuwapelekea. Akisema anakwenda, baba yako hatakuwa na la kusema mbele ya mama yake, na safari itageuka ya ukoo mzima kabla hujajua, hata hao waliokuwa na udhuru siku ya taarab. Basi mwende kwa ndege mpaka Chake Chake. Boti usimpandishe. Miezi hiyo kusi inavuma, na mkondo wa kwenda Pemba huwatapisha hata waliozaliwa huko.

Shangazi